Kitanda cha Mama Kwenye Ngazi

Malori ya watu wa kufukuza wapangaji yalipokunja kona ya mtaa wetu, Troyeville, tulikuwa macho sote. Mahakama ilishasema tutoke. Sisi Waburundi na Wakongo wa ghorofa ya juu tulikuwa tumeapa hatutoki, na mimi nilikuwa na sababu yangu: mama hakuweza tena kutembea, na kifua chake kisingestahimili kulala nje kwenye baridi ya Julai ya huku kusini mwa Afrika.

Ghorofa ile zamani ilikuwa kiwanda cha kushona nguo, haina vyumba. Kuta zetu zilikuwa kabati. Familia moja huku, nyingine kule, katikati kabati na pazia. Kwa hiyo tulipoanza kuziba ngazi, tulibomoa nyumba zetu kwa mikono yetu. Kabati zilitangulia, zikafuata meza na magodoro. Jirani yangu wa Bukavu, fundi viatu niliyezoea kumsikia akikohoa nyuma ya kabati, sasa alisimama wazi mbele yangu.

"Dada, haitoshi," aliniambia, watu wa malori wakiwa wameshafika chini ya ngazi. "Wanasukuma sana. Lete kitanda ya mama."

Nilimjibu akatafute cha mama yake. Nusura nimpige. Lakini mama alikuwa amesikia.

"Kipeleke, mwanangu," akasema. "Mimi nitakaa chini. Si mara ya kwanza."

Tukamshusha kwenye mkeka, tukakikokota kitanda chake cha chuma hadi ngazini, tukakitelezesha juu ya kabati hadi chini kabisa, walikokuwa wakisukuma. Kisha tukapigana. Wanawake walimwaga maji ya moto waliyokuwa wameyachemsha kwa ajili ya ugali, wanaume wakarusha matofali. Mimi nilirusha mchi wangu wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Ulimpata mmoja wao begani, nikamsikia akilia, nikafurahi.

Baadaye wakaacha kusukuma. Tukapiga vigelegele, tukidhani wamechoka. Kumbe walikuwa wameanza kuvuta. Kila tulichokuwa tumekishindilia ngazini walikichomoa kutoka chini, wakakitupa barabarani. Tukaongeza vingine, navyo wakavivuta. Tulipoishiwa, ngazini palikuwa peupe.

Mkubwa wao alipanda taratibu, akaiangalia sakafu ile tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Sikuwahi kuiona ikiwa kubwa namna ile.

"Eish," alisema. "Kazi yetu mmeimaliza wenyewe."

Nilitamani kumtukana. Lakini alikuwa anasema kweli. Kilichobaki cha kubeba kilikuwa mama tu.

Walimbeba wawili. Mmoja alitumia mkono mmoja, kwa sababu bega la pili nilikuwa nimelivunja mimi, na hata hivyo alimshika mama vizuri kuliko nilivyotarajia. Walimweka kando ya barabara, juu ya saruji ya baridi. Mama akageuza kichwa, akiulizia kitanda chake. Niliona mguu mmoja wa chuma wa kitanda ukichungulia chini kabisa ya rundo la vitu walivyotupa barabarani, na juu yake zimelundikana kabati zetu zote.