Hamira Nyekundu ya Nyamoita

"Mwenzangu, huyo Nyamoita anafuga damu," Syprose alisema pale bombani, mtungi bado kichwani. "Chupa sita kwa dirisha. Anazitikisa kama mtu anabembeleza mtoto. Na wewe unamlisha wako mayai yake!"

Chepkurui aliushusha mtungi wake. Ni kweli, kiini cha mayai yale kilikuwa chekundu kama papai lililoiva, na asubuhi hiyo binti yake Chepkorir alikuwa amemaliza moja zima. Akamfunga mgongoni, maji akayaacha, akateremka mbio mpaka kwa Nyamoita.

Chupa zilikuwepo. Nyekundu kweli kweli.

Nyamoita, mjane wa Kikisii aliyekuja Londiani mgongo ulipokataa kuchuna majani chai, alicheka mpaka akakaa chini.

"Damu? Mama Chepkorir, hii ni hamira! Ndugu ya ile ya mandazi, ila hii imezaliwa na rangi."

Baada ya kuacha kuchuna chai alikuwa ameosha vyombo katika maabara ya chuo fulani, akiangalia na kuuliza. Siku alipoacha kazi hiyo, mwalimu mmoja alimpa mbegu hai ya hamira hiyo. Sasa aliilisha maji ya viazi na molasi, akiitikisa kutwa ipate hewa. Ikikolea, aliichemsha, akaikausha, akaisaga na kuitia kwa chakula cha kuku. Rangi yake, alisema, ni ya ukoo mmoja na ile ya karoti. Hoteli moja ya Kericho ilikuwa imeyapenda mayai hayo, na wiki ijayo ilitaka trei ishirini. Hamira ikikosekana, viini vya mayai vingerudi kuwa vyeupe kama vya kila mtu.

Aibu ilimshika Chepkurui. Nyamoita alipotoka kuwapa kuku maji, Chepkurui alitafuta kazi ya kufanya. Kando ya jiko palikuwa na kichupa kifupi chenye mdomo mpana, ndani yake chini pameganda utelezi mwekundu. Akaukwangua kwa kucha, akasuuza, kisha akachukua kijiti chenye makaa akakisugua ndani, jinsi kwao kibuyu cha maziwa kinavyosafishwa. Kikanukia moshi vizuri.

Nyamoita alirudi, akasimama mlangoni.

"Kichupa kilichokuwa hapa?"

"Nimekuoshea, mama. Hata moshi nimekitia."

Nyamoita alikinusa kichupa. Alishika kiti.

"Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu. Hizi sita nimechemsha leo asubuhi. Zimekufa zote. Na yule mwalimu alishahama, sijui aliko."

"Woi!" Chepkurui akapeleka mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Kabla haujafika, Nyamoita aliurukia, akaukamata kwenye kifundo na kuugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na mstari mwembamba, mwekundu.

"Mama Chepkorir, nakuomba, usioshe huu mkono. Usiguse hata mtoto. Keti hapa utulie, nikate kiazi, nichokoe hiyo kucha, niipande kiazini mbegu iliyobaki; huenda bado iko hai."