Misumari ya Saumu Ndani ya Mkwaju

Enzi zetu, sisi tuliolelewa huku kwenye vilima vya Kondoa, picha lilikuwa jambo la watu wa mjini. Mpiga picha alikuwa mmoja, na ukimpelekea mtoto anayelia alikurudisha nyumbani hivyo hivyo. Kwetu baba alikuwa na namna yake ya kuweka kumbukumbu. Mwaka ambao mtoto alifunga saumu yake ya kwanza, kutwa nzima bila kudokoa kitu, asubuhi ya Idi alisimamishwa mgongo kwenye mkwaju wa uani akiwa na nguo zake mpya, na baba akapigilia msumari wa inchi nne pale utosi ulipoishia. Akimaliza anarudisha nyundo kwenye sanduku lake la vyombo, anatia kufuli, na ufunguo unarudi kwenye mkanda wake. Sanduku lile hakuna mtu aliyeligusa, hata mama.

Tulikuwa watatu: kaka yangu Rajabu, mimi binti wa pili, na kitinda mimba wetu Mwanaidi. Rajabu alipata msumari kwa hila za Rajabu, maana Ramadhani ile alitawadha mara nyingi kuliko shehe, na kila akisukutua shingo ilikuwa inacheza. Mimi nilipata wangu kwa kulala tangu adhuhuri. Tukiamka na kiu tunaketi chini ya mti huo huo tukitazama ukwaju ulivyoning'inia, mate yanajaa mdomoni, na mama anatukaripia kutoka jikoni, "Mnafunga au mnahesabu matunda?" Jioni alitutengea uji wa uwele aliokoleza ukwaju, na jamani, uji ule! Wanangu nilionao huko mjini Mkonze wanajua ukwaju wa kwenye boksi, wenye mrija. Nikiwaambia tulikuwa tunaubanja kwa meno na kuuchovya kwenye chumvi mpaka meno yanaingia ganzi, wananitazama kwa huruma, kana kwamba tulikuwa wakimbizi.

Mwanaidi alikuwa bado mdogo, na mama alimkataza. "Utafunga ukikua." Yeye hakubishana. Uji wake wa asubuhi aliusukuma chini ya tenga la kuku. Mama aligundua jioni, alipoona kuku wana midomo myeupe. Kufikia magharibi mtoto amejilaza kwenye mkeka, midomo imekauka, lakini ukimpa maji anageuza uso. Adhana ilipoadhiniwa, baba mwenyewe alivunja tende akamtilia kinywani. Nilimwona akitabasamu, na baba hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo. Msumari wa Mwanaidi ulikuwa wa chini kuliko yote.

Mwaka ule ule surua ilipita kijijini kwetu ikamchukua.

Kilichofuata mama alikibeba mpaka uzeeni. Baba alirudi kutoka makaburini, akavua kanzu, akachukua jembe akaenda shambani. Hakulia wala hakumtaja mtoto tena. Mama alikuwa akichekecha unga anaanza, bila kuulizwa, "Babenu hakutoa chozi. Hata moja! Mtu gani yule?" Nasi tunainamisha vichwa. Baba alifariki miaka mingi baadaye bila kujibu, na hata siku ya arobaini yake nilimsikia mama akiwaambia wanawake wenzake neno hilo hilo. Nilijisikia vibaya, lakini ningemtetea vipi? Mimi pia sikumwona akilia.

Masika haya mkwaju ukaanguka. Upepo uliutikisa mchana, ardhi ilikuwa imelowa, na shina likang'oka na mizizi yake bila kugusa nyumba, alhamdulillahi. Rajabu akafurahi kupita kiasi. Siku hizi anafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, ana nyumba mpya, na alikuwa ameshaiona meza ya kulia chakula ndani ya gogo lile. Akafuatilia kibali, akamleta Fundi Athumani, mpasuaji mbao. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda. Akasema, "Pasueni mfanye mnachotaka. Mimi nataka msumari wa Mwanaidi. Sina kingine chake." Ilikuwa kweli. Nguo zake zilikwisha kuraruka, na picha haikuwahi kuwepo.

Misumari ilikuwa imemezwa na mti zamani, hakuna aliyeiona kwa miaka. Fundi Athumani akakunja uso. Chenso, ule msumeno wa injini, haipatani na chuma. "Basi kumbukeni," alituambia. "Kila chuma mlichokitia humu utotoni, mnionyeshe kilipo."

Hapo ndipo vita vilipoanza. Rajabu, mtu mzima mwenye mvi, akaenda moja kwa moja karibu na panda la mti akachora alama ya chaki. "Wangu upo hapa. Mti umekua, na msumari umepanda nao." Nikamwambia msumari haupandi. Akaniuliza kama mimi ni bwana miti. Tulibishana kama tulivyokuwa tukibishana kwenye kombolela, nani ameonwa na nani hajaonwa, mpaka mama akatunyamazisha kwa jina la ukoo.

Fundi akamsikiliza mwanaume mwenzake. Akapaka uzi mkaa wa betri kuukuu, akauvuta na kuuachia, mstari mweusi ukalala juu ya gogo kutoka shinani hadi kwenye panda. Tulipokuwa wadogo kazi hii ilifanywa na watu wawili na msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni, vumbi la mbao likimwagikia machoni, na wimbo wao ulisikika kutwa. Sisi tulikaa ukingoni tukisubiri vumbi lile tukachezee. Chenso haina wimbo. Ililia mara moja, kuku wakatawanyika, na harufu ya petroli ikaifunika ile harufu chachu ya mbao mbichi.

Haikufika mbali. Cheche ziliruka, mnyororo ukakwama. Fundi akachokoa kwa patasi, akatoa kipande cha msumari wa inchi nne. Ulikuwa usawa wa kifua cha mtu mzima kutoka shinani, mbali kabisa na chaki ya kaka yangu. Mama alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. "Wewe ndiye uliyekua, Rajabu! Msumari ulibaki palepale."

Baada ya kubadilisha mnyororo na kuliondoa banzi la juu, ule ubao wa kwanza wenye magome, Fundi Athumani akaleta sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Akaipitisha juu ya mbao polepole. Ikanata: msumari wangu. Mama akainuka. Akapima mwenyewe kutoka shinani kwa mkono wake, dhiraa mbili na shibiri moja, akaweka kidole. "Hapa."

Sumaku ikapita, haikunata.

"Rudia, mwanangu."

Akarudia. Akaisogeza juu, akaisogeza chini. Ikateleza tu. Nilimwangalia mama usoni, nikatamani tungeliacha gogo lile lioze palepale lilipoangukia.

Fundi akainama, akaparua kwa patasi pale kidole kilipokuwa. Kukatokea tundu jembamba, jeusi, limezibwa na mbao changa. "Bibi, msumari ulikuwepo," alisema kwa upole. "Uling'olewa ukiwa bado mpya, mti ukajifunga juu yake. Tena aliyeung'oa alihangaika. Tazama alivyoumiza mti hapa pembeni kwa koleo."

Koleo lilikuwa moja tu katika nyumba ile, na lilikaa ndani ya sanduku. Ufunguo wa sanduku sote tulijua ulikokuwa. Kwenye mkanda wa baba.

Mama aliketi juu ya gogo. Nikaketi karibu naye. Siku hizi mwanaume akifiwa, kabla jeneza halijatoka ndani, picha yake akilia imeshawekwa kwenye simu na wimbo juu, na watu mia wamempa pole kabla ya alasiri. Vijana wetu tunawacheka, lakini angalau wake zao hawabaki wakijiuliza. Baba zetu walitufundisha kuamka alfajiri, kuheshimu mgeni, kutokula tukitembea. Namna ya kulia hawakutufundisha, kwa sababu walikwenda kulia mahali tusipowaona, na kesho yake wakashika jembe. Ningependa kusema enzi zetu zilikuwa bora. Kwa uji wa ukwaju nitaapa. Kwa hili siwezi.

Fundi aliuliza kama aendelee. Rajabu akamwashiria angoje. Mama alikuwa ametia ncha ya kidole chake kwenye lile tundu, anakizungusha taratibu, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Maskini mume wangu," alisema.