Kisanduku cha Nyumba Yetu

Mwaka wenyewe ni ule wa njaa, wa unga wa njano wa msaada. Kama uliula, huhitaji kuambiwa. Kama hukuula, shukuru. Sisi huku Usoke tuliusindikiza kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ili angalau upite kooni.

Nimeukumbuka juzi, mjukuu wangu alipoketi jikoni na hesabu yake ya jedwali, kisanduku kimoja kitupu. "Bibi, hapa unatoa tu," akanieleza, kama anasemesha gogo. Najua kutoa. Nilijua kabla mama yake hajazaliwa.

Darasa la nne tulinuka moshi wote, maana kila mtoto alitoka kuchochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Treni ya Kigoma ikipiga honi, mwalimu alinyamaza mpaka ipite. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwandiko wake wa kupendeza. Siku hiyo alichora jedwali la nyumba chache za upande wetu na idadi ya watoto wa kila nyumba. Wenzangu wakataja. Mimi nikagoma, kisanduku cha nyumba yetu kikabaki kitupu. Jumla alikuwa ameipata kwa balozi wa nyumba kumi.

"Haya, bibie," akaniita ubaoni, "jumla ishirini, wenzako wametimiza kumi na nne. Jaza."

Darasa zima likanong'ona sita. Binti wa jirani akanifinya nikipita: "Andika basi, wewe, tukacheze."

Ubaoni ilikuwa sita kweli. Lakini kitindamimba wetu alikuwa amechukuliwa na surua mvua zilipoanza, na balozi hakuwa amemwondoa kwenye daftari lake. Nikiandika sita, nadanganya juu ya kaburi. Nikiandika tano, mimi ndiye ninayemfuta. Halafu mama alikuwa na mwiko wake: ukiwahesabu watoto, unakionyesha kifo mlango. Jioni alituita kwa majina, kila mmoja akaitika, ndipo ugali ukamegwa. Jina la yule mdogo bado aliliita. Kisha tukala.

Nikarudisha chaki. "Siandiki, mwalimu. Kwetu mtoto hahesabiwi, anaitwa."

"Basi usirudi mpaka uandike."

Hakuwa mbaya. Hakujua, na msiba wetu haukuwa habari ya kusimulia darasani. Mama aliposikia akasema, "Shule ni yako, mwanangu. Ukitaka kaandike, sitakukasirikia." Nami shule niliipenda kuliko sukari. Asubuhi nikachukua jembe, nikaenda shamba la tumbaku, na darasa langu likaishia hapo.

Bani lile limebaki kifusi. Mama hayupo. Wajukuu wanakula kila mmoja na sahani yake, macho kwenye televisheni, hakuna anayeitikia jina kwanza. Wanangu huniuliza: ningesimamishwa tena ubaoni leo, baada ya jembe lote hilo, ningeandika ngapi? Wanatamani niseme sita, nipate shule yangu. Nawajibu:

"Siandiki, mwalimu. Kwetu mtoto hahesabiwi, anaitwa."