Kutafuta Usukuma Unapoanzia

Baba aliniita asubuhi ya Jumamosi nikiwa nachonga penseli, akaniambia jambo ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka saba: anataka kusikia sauti ya dada yake. Miguu yake haimfikishi tena hata kituo cha treni hapa Morogoro. Shangazi Nyamizi yuko Bukene, wilaya ya Nzega, na simu ya baba haipokei. Za watu wengine wote anapokea, hata za wauza viatu.

"Nenda wewe, Shija," baba alisema. "Kosa lenyewe unalijua."

Nalijua. Mimi ni mchoraji wa ramani za ukutani, zile za shuleni zenye kijiti juu na kijiti chini. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ramani ya makabila ya Tanzania, na katika ramani hiyo Bukene, alikozaliwa baba, iliangukia ndani ya neno WASUKUMA. Nakala moja ikaenda kutundikwa shule ya huko huko Bukene. Mjukuu wa shangazi akarudi nyumbani akatangaza kwamba kumbe wao ni Wasukuma, mwalimu kaonyesha kwa fimbo. Shangazi ni Mnyamwezi, na kwa Unyamwezi wake hana utani. Akampigia baba simu, wakasemezana, akakata, na tangu siku ile hawajaongea.

Safari moja huanzisha nyingine. Wiki ile ile mchapishaji alikuwa amenitaka nirekebishe ramani hiyo kabla haijachapwa upya, hasa mpaka kati ya Wanyamwezi na Wasukuma. Basi nikapanga: njiani nitauliza mstari upite wapi, nikifika nitaomba radhi, na nikijaliwa nitarudi na sauti ya shangazi. Nilibeba daftari, kifutio na kilo mbili za sukari.

Jumatatu asubuhi, Morogoro hadi Dodoma. Treni ya umeme haikupi nafasi ya kusimulia chochote, maana kabla hujazoea kiti umefika. Wapagazi wa misafara walikuwa wakipita pande hizi kwa miguu, pembe za ndovu begani, miezi na miezi. Mimi nililalamika kwamba jua linapiga upande wangu.

Manyoni, mchana. Kutoka Dodoma nilipanda basi, na hapa likasimama watu wanunue chakula. Mama mmoja wa Kigogo mwenye beseni la mayai na maji ya chupa alikuja dirishani akaniuliza ninakwenda wapi. Nilipomwambia Tabora, na kwamba kwetu ni huko, akaniwekea beseni lote mapajani.

"Basi libebe hilo mpaka Tabora," alisema. "Si ndiyo kazi mliyoachiwa na babu zenu?"

Abiria walicheka. Wagogo ni watani zetu, na mtani hajibiwi kwa kununa.

"Babu zangu walilipa ushuru hapa ili wanywe maji ya kisima," nikamwambia. "Na wewe leo unaniuzia yale yale, umeyatia kwenye chupa tu."

Akaniongezea yai moja bure. Nilipoondoka nikagundua kitu kilichonifurahisha: mama yule hakuuliza Mnyamwezi wa wapi wala wa mtemi gani. Kwake yeye, kila aliyetoka magharibi na mzigo ni Mnyamwezi, na yai lake lilikuwa tamu.

Tabora niliingia jioni, nikalala. Jumanne asubuhi nilikwenda mtaa wa Mtendeni kwa Bwana Murtaza, muuza vipuri vya baiskeli, rafiki wa baba tangu enzi baba alipokuwa akifanya kazi ya reli. Duka lake lina minyororo ya baiskeli inayoning'inia toka darini, hivyo mtu mrefu kama mimi huingia ameinama, nadhani ndiyo maana anapata heshima. Akaagiza chai ya tangawizi na vitumbua, kisha nikamweleza habari ya mstari wangu.

"Kwanza huku hakukuwa na Wanyamwezi," alisema. "Kulikuwa na watu wa Unyanyembe, watu wa Urambo, watu wa Uyui, kila watu na mtemi wao. Walipofika pwani na mizigo, watu wa pwani ndio wakawaita Wanyamwezi. Wakarudi nalo jina nyumbani."

"Na wewe wanakuitaje?"

"Mimi?" Akaifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Babu yangu kazaliwa nyumba hii hii. Hapa naitwa Mhindi. Nilikwenda India kwenye harusi, wakaniita Mwafrika, wakaniuliza kama nimeshaona simba. Nikienda Dar, ndugu zangu mwenyewe wananiita Mnyamwezi, wananiuliza asali iko wapi."

"Sasa lipi la kweli?"

"Yote yananipata. Ila nikijigonga kidole kwa nyundo, nalia kwa Kiswahili cha Tabora."

Nikamuuliza Usukuma unaanzia wapi. Akajibu bila kufikiri: Nzega, wote wale wa Nzega ni Wasukuma. Nikachora mstari kwenye daftari chini kidogo ya Nzega, nikamshukuru, nikaona kazi imekwisha mapema.

Jumatano, barabara ya Nzega. Kwenye basi nilikaa na Bwana Kulwa, mkulima wa Lusu, aliyekuwa amepakata majembe mapya yaliyofungwa kwa gazeti. Nikamwonyesha mstari wangu kwa majivuno kidogo.

"Nani kakwambia Nzega ni Usukuma?"

"Watu wa Tabora."

"Watu wa Tabora wamekaa kusini, sisi wote kwao ni Wasukuma. Sisi wa Lusu ni Wanyamwezi. Wasukuma wako Shinyanga huko."

Nikatoa kifutio. Dada aliyekaa nyuma yetu, aliyekuwa akienda kwao Shinyanga, akainua kichwa na kusema kuwa wao ni Wasukuma kweli, lakini wajomba zake wa Mwanza wakiwatania huwaita Wadakama. Nikafuta tena. Karatasi ilianza kutoboka, na kila basi lilipopiga hatua kwenda mbele, mstari wangu nao ulipiga hatua.

Bwana Kulwa alinionea huruma. Mimi nimezaliwa Morogoro na Kinyamwezi changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo akanifundisha kama anavyofundishwa mtoto, akionyesha kwa mpini wa jembe na kuwahatarisha jirani zetu: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Msukuma ni mtu wa kaskazini, Mdakama ni mtu wa kusini.

"Kaskazini ya nani?" nikauliza.

"Ya anayesema," alijibu. "Mtu hujianzia pale alipo."

Nikakirudisha kifutio mfukoni. Nimechora ramani maisha yangu yote, na kaskazini yangu imekuwa siku zote juu ya karatasi, imetulia.

Bukene, alasiri ile ile. Gari dogo lilinishusha karibu na reli, nikaelekezwa nyumba ya shangazi na kila niliyemuuliza, wengine wakinitazama kwa namna iliyonipa wasiwasi. Nilimkuta ukumbini anapukuchua karanga, mwembamba, mgongo umenyooka, sura ya baba kabisa ila bila tabasamu. Nikapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Nilibaki nimepiga goti na kilo zangu mbili za sukari, nikisubiri marahaba ambayo haikuja.

"Wewe ndiye mchora ramani," alisema mwishowe. "Kaa. Wageni hatuwafukuzi."

Akaja mjukuu wake na bakuli la michembe iliyopikwa, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo baba huota mchana. Michembe mikavu ilihifadhiwa kwenye chungu kikubwa pembeni ya mlango, na nilipotazama kilichofunika chungu hicho, nikaitambua kazi ya mkono wangu. Ilikuwa ramani yangu, imekunjwa mara nne, kijiti kimoja bado kinaning'inia.

"Shule walipopata mpya niliiomba hiyo," shangazi alisema. "Inafunika vizuri. Panya hawaipendi."

Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha. Nikaanza maneno niliyoyapanga tangu Morogoro, kwamba miguu imemzuia baba asije mwenyewe, kwamba nimekuja kuomba radhi, kwamba jina litarekebishwa. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Unadhani nilikasirikia Usukuma? Shemeji zangu ni Wasukuma. Mume wangu, watu wa Sikonge huko kusini walikuwa wakimwita Msukuma mpaka anakufa, na alikuwa akiitika. Mgeni akiniita hivyo simlaumu, amesimama kwake." Akatupa maganda. "Lakini baba yako kazaliwa chumba hicho nyuma yako. Mtu wa nyumba hii akisema hapa ni Usukuma, maana yake yeye hasimami hapa tena. Ametuhesabu kuwa watu wa kule. Wazazi wetu wamezikwa hapo nje, naye anawaita watu wa kule."

"Lakini baba hakusema hivyo, shangazi."

"Nilimuuliza kwenye simu. Nikamwambia, nani kamwambia mtoto aandike hivi? Akasema, ni mimi niliyemwelekeza."

Nikaliweka bakuli chini. Baba hakunielekeza kitu. Hakuiona hata ramani ile mpaka ilipochapwa. Kwa miaka saba nilijua kwamba shangazi amekasirikia kosa langu. Sikujua kwamba baba alikuwa amelibeba yeye. Niliona haya, haya ya mtu mzima, ambayo ni mabaya kuliko ya mtoto kwa sababu hayana pa kukimbilia.

Nikamwambia ukweli wote, ambao haupendezi. Kwamba neno WANYAMWEZI nilikuwa nimeliandika kuzunguka Tabora. Kwamba WASUKUMA lilikuwa limebanana huko juu kwa sababu ya Ziwa Viktoria, nami sikutaka kuandika juu ya maji, kwa hiyo nikaziteremsha herufi kidogo, zikakaa vizuri, zikaifunika Bukene. Sikumuuliza baba wala mtu yeyote. Nilifuata nafasi ya herufi.

Shangazi aliacha kupukuchua. "Nafasi ya herufi," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka saba."

"Ndiyo, shangazi."

Alichambua ganda moja ambalo halikuwa na karanga. Kisha akafuta mikono kwenye kanga akaomba simu yangu. Nikampigia baba, nikaweka sauti ya wazi, nikamwambia kuna mtu hapa. Nilimwogopea baba kuliko nilivyojiogopea mimi.

"Shikamoo, dada," sauti ya baba ilisema. Alijua bila kuambiwa.

Shangazi hakuitikia. "Uko wapi?" aliuliza.

"Niko nyumbani... niko Morogoro."

"Morogoro ni wapi?"

Nikaitazama simu, nikidhani mtandao umekatika.

"Kiya," baba alisema taratibu. "Niko huku kiya, dada. Mbali sana."

Shangazi alifumba macho. Aliupima mwelekeo huo wa mashariki kutoka ukumbini pale alipokaa, akaona kwamba baba naye ameupimia hapo hapo.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema. "Miguu inakuumaje?"

Wakaingia Kinyamwezi, wakaniacha nje. Nilielewa neno moja moja tu, nikasikia jina langu mara nne, na kila mara shangazi alinitazama kwa jicho la pembeni. Niliokota karanga nikaanza kupukuchua.

Alhamisi na Ijumaa, kurudi. Niliondoka Bukene na mfuko wa michembe, salamu za nyumba nzima, na ramani yangu ya zamani ambayo shangazi alinikabidhi nikamwonyeshe baba. Aliahidi kuja Morogoro akishauza karanga, akaniagiza nitakaporudi nimletee mfuniko wa kweli. Basini sikumuuliza mtu mpaka uko wapi. Manyoni nilimtafuta mama wa mayai nimwambie leo nimebeba mzigo wa kweli, sikumwona.

Morogoro, Jumamosi. Baba alikula michembe akiwa ameikunjua ramani magotini, inanuka viazi. Nikamuuliza kwa nini alibeba kosa lisilo lake, akamkosa dada yake miaka yote hiyo.

"Ilikuwa kazi yako ya kwanza," alisema. "Ulikuwa umefurahi sana."

Nilikwenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Ramani mpya niliimaliza mwezi uliofuata. Majina yote yamo, yameandikwa kwa nafasi pana yakaingiliana kingo, na mistari sikuweka hata mmoja. Nilichojifunza ni hiki tu: mstari upo, ila unasafiri na anayeuonyesha, na kabla hujamwandikia mtu jina afadhali ukae kwanza ukumbini kwake uone kaskazini yake iko wapi. Juzi mhariri wa mchapishaji alinipigia, hakufurahi. Alitaka kujua mipaka imekwenda wapi na ni nani aliyenituma kuifuta. Nilikuwa nimeweka sauti ya wazi. Baba, aliyekuwa akisikiliza kutoka kitini kwake, akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Ni mimi niliyemwelekeza," akamwambia.