Ukoka wa Baba

Mtaani kwetu Kalangalala, uwanja wa nyumba hufagiliwa mpaka udongo mwekundu ukang'aa. Majani mlangoni ni nyoka, ni uvivu. Baba yangu peke yake alipanda ukoka. Alikuwa amekata nyasi miaka mingi kwenye kambi ya mgodi, na alipostaafu akaja nyumbani na mashine iliyochakaa, anaisukuma kama mtu aliyeshinda mashindano.

"Mzee, ng'ombe wenyewe wako wapi?" majirani walimtania. Alicheka nao, akaendelea kumwagilia.

Mimi sikuupenda ukoka ule. Nilimuuliza kwa nini tuige bustani za watu ambao hawakuwahi kumkaribisha akae kwenye nyasi alizowakatia.

"Ndiyo maana nakaa kwenye zangu," alisema.

Sikuridhika na jibu lile. Sasa sina wa kubishana naye.

Alifariki hospitalini. Wakati wote wa ugonjwa hakuna aliyegusa uwanja, na ukoka ulikuwa umefika magotini. Mwili ulikuwa uletwe baada ya siku mbili. Kesho yake asubuhi baba mdogo akafika kutoka kijijini na vijana wa ukoo, majembe mabegani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Haya majani yatoke yote. Waombolezaji watakaa humu kama mbuzi?"

"Nipe mpaka mchana. Nitayakata yawe mafupi, tutandike mikeka juu yake."

Alinitazama, akaitazama mashine. "Haya. Kata."

Nilivuta kamba mpaka bega likawaka moto. Mashine ilikohoa, ikatoa moshi, ikazima. Nikasafisha plagi, nikamwaga petroli ya zamani, nikaweka mpya. Ikawaka. Nikaisukuma, lakini nyasi zililala tu nyuma yangu kama nywele zilizochanwa, kisha zikainuka tena. Ikameza fungu moja, ikanyamaza. Nikaipindua, nikakinoa kisu chake kwa tupa ya panga. Haikuwaka tena.

"Chuo kikuu walikufundisha kuuliza tu," alisema baba mdogo. "Kuwasha hawakufundisha?"

Vijana wakacheka. Nikacheka nao, maana baba angecheka. Kisha nikauliza kweli: "Lakini kwa nini lazima udongo mtupu? Nani aliamua?"

Hakukasirika. "Mtu akikuta majani mlangoni, atasema nyumba hii ilimtupa kaka yangu."

Nikaisogeza mashine pembeni.

Mchana ulipofika, wakalima. Mizizi ilitoka na madonge ya udongo, na uwanja mzima ukanukia kama Jumamosi za baba akikata nyasi. Wanawake wakafagia. Ilipofika jioni, udongo mwekundu uling'aa kama wa majirani wote.

Mashine ilikuwa bado pale pembeni. Sijui kwa nini nilivuta kamba, labda kwa hasira. Iliwaka mara moja. Ilinguruma vizuri kabisa juu ya udongo mtupu, ikarusha vumbi jekundu.

Mama, ambaye tangu jana yake alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka, alitokea mlangoni, khanga imemteleza kichwani. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye mwenziwe yuko nyumbani, yuko uwanjani na kazi zake. Akaniona ni mimi.

"Zima, mwanangu," alisema.

Nikazima.