Mara Tatu Kileleni

Eliakunda ni rafiki yangu, kwa hiyo nitamsema vizuri kadiri itakavyowezekana. Alizaliwa Marangu, akaja Marekani kusomea uhasibu Saint Paul, akapata kazi huko huko, na mwaka tisini na sita tulikuwa tumepanga nyumba moja Brooklyn Center. Ofisini kwao kila aliyesikia Tanzania aliuliza swali lile lile: umeshapanda Kilimanjaro? Mwanzoni alijibu hapana, na watu wakamsikitikia kama amefiwa. Siku moja akachoka. Akasema ndiyo, mara tatu. Mara tatu, jamani! Hata uongo una kiasi.

Basi akawa mtu wa maana. Wakamwita mtu wa mlima, wakamsogezea kiti. Februari, wenzake walipopanga kwenda kutembea juu ya theluji kwenye safu ya milima ya Sawtooth, kule kaskazini kando ya Ziwa Superior, wakasema kiongozi ni Eliakunda.

"Bernard, twende wote," akanibembeleza. "Nisiumbuke peke yangu."

Nikamkumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hakucheka. Ile heshima ilikuwa imemkaa vizuri na aliogopa kweli kuipoteza.

Tulivaa viatu vya theluji, vipana kama ungo, unatembea umetanua miguu kama bata. Eliakunda akashika mbele. Sasa mtu aliyepanda Kilimanjaro mara tatu anatembeaje? Yeye aliamua kwamba anakimbia. Alipanda mbio, theluji inaruka nyuma yake, sisi tunamfuata tukihema. Akaanguka kifudifudi. Nikampa pole, akanikata jicho, akainuka na kuongeza mwendo. Mbele kidogo tulimkuta amekumbatia msonobari, kifua kinapiga filimbi.

Wa mwisho kufika alikuwa Lois, mama mtu mzima wa idara ya mishahara, asiye na maneno mengi. Tangu asubuhi alikuwa anapanda taratibu, hatua kwa hatua. Wengine wakiwa wanakunywa chai, alimwinamia Eliakunda. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alisema kwa Kiswahili:

"Pole pole."

Loo! Eliakunda alimtazama kama ameona mzimu. Lois akaendelea kwa Kiingereza, chini chini. Alipanda Kilimanjaro miaka ya themanini, na neno hilo waongozaji walimwimbia kutwa, mpaka kileleni. Aliyefika kule, alisema, hakimbilii mlima tena.

"Wewe hujapanda."

Nilidhani atakana.

"Sijapanda," akasema. "Mlima ulikuwa mlangoni kwetu. Naamka nikakate majani ya ng'ombe, upo. Nani kwetu alikuwa na nafasi ya kwenda kutazama barafu? Naona aibu, Lois."

Margaret, bosi wao, akaita kuuliza kuna nini.

"Mtu wa mlima anasema tupumzike," Lois akamjibu.

Tukarudi salama. Garini, tulipoanza kuona taa za mji, Eliakunda akanigeukia.

"Lois anarudi Kilimanjaro mwezi wa nane," akasema. "Anataka twende wote. Atanionyesha njia."

Nilicheka hadi machozi. Yeye uso ulikuwa mkavu.

"Lazima tupitie nyumbani kwanza. Mama ataniuliza nimemletea mgeni gani. Nimwambie nini?"

"Mwambie mgeni ni wewe," nikamjibu.