Taa Mbili Mbele ya Tundu la Hendeli

Nilijua kabisa kwamba lile tundu katikati ya bampa la landrova ni la kuingizia hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono ili iwake betri ikifa. Ndiyo maana ujinga wangu hauna wa kuutetea. Asiyejua husamehewa. Mimi nilijua, tena ni mmoja wa wachache waliosoma kijijini petu, nikaliziba kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikarudi nyuma kidogo nitazame jinsi nilivyoipendezesha kazi.

Gari lenyewe aliniachia kaka yangu mkubwa. Alilinunua likiwa kuukuu, akalibebea kahawa mpaka lilipochoka, naye akahamia mjini. Kati ya watu wote akaniachia mimi, ambaye nikilala ugenini usiku mmoja naamka na kichwa kinauma. Ilikuwa miaka ya sabini, tumeshapangwa kijijini kando ya barabara itokayo Kibondo kwenda Kasulu, nyumba moja ikisikia nyingine ikikohoa. Landrova ilikaa uani kwangu kama kuku anayeatamia.

Mtu wa namna hiyo anatafuta taa za ziada ili amulike nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani asiyesafiri hupenda matayarisho ya safari kuliko msafiri mwenyewe. Msafiri hufunga mzigo akaondoka. Sisi wa nyumbani hufunga, tukafungua, tukafunga tena vizuri zaidi. Nilipoziona zile taa dukani Kasulu, mbili, zenye vioo vya njano, moyo ulinidunda. Mwenye duka, mzee mwenye Kiswahili cha pwani, aliniuliza nakaa wapi. Nikamweleza.

"Aa! Huko ndiko kwenye ukungu wenyewe," alisema. "Hizi zapasua ukungu, bwana, kama kisu kwenye papai."

Alikuwa amenimaliza.

Niliazima keke kwa seremala nikaanza kutoboa. Ncha za bampa zilikuwa zimepinda tangu enzi za kaka, hazikufaa kubeba taa, kwa hiyo nikatafuta bamba la chuma nikalifunga katikati kwa bolti, juu ya tundu la hendeli. Nilisita kidogo, sikatai. Lakini gari lilikuwa na betri mpya, na nilijiambia hendeli ni ya watu wenye betri za zamani. Ile ya kwetu ilikuwa inaegemeza mlango wa banda la mbuzi, na ilikuwa ikiifanya kazi hiyo vizuri.

Mengine nilifanya kwa uangalifu, nijisifu kidogo maana hakuna aliyenisifu. Nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, ndipo nikafunga waya wa kurudishia umeme. Nyaya zilipopita kwenye bati nilizivika mpira wa tyubu ya baiskeli zisichubuke. Jioni nililielekeza gari kwenye ukuta wa nyumba, nikachora alama kwa mkaa, nikawa nainua na kushusha taa mpaka mwanga ukakaa kwenye alama. Swichi tu ndiyo iliyokosa mahali pazuri. Waya ulikuwa mfupi, nikaiweka chini ya dashibodi, jirani na goti langu.

Jirani yangu, mama mmoja mjane wa makamo, alikuwa akinichungulia juu ya ua.

"Jirani, unatafuta nini ukutani kwako?"

"Napima taa, mama. Za kupasua ukungu."

"Ukungu wa wapi? Wewe ukienda mbali sana umefika chooni."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini naye alikuwa na lake. Kwetu kitu kipya hakikai uchi ndani ya nyumba. Redio ina kitambaa chake cha kudariziwa, chupa ya chai ina chake, makochi yana vyao. Taa nazo zikashonewa viwili, maua mekundu juu, ndani zikawekewa kipande cha blanketi ili mawe yasivunje vioo. Zilipovikwa zilifanana na watoto pacha wa ubatizo. Nilizipenda hivyohivyo.

Kisha yakaja ya maana. Binti wa yule jirani alichaguliwa kwenda sekondari, shule ya bweni mbali huko kwenye reli. Kijijini petu hakuwahi kuchaguliwa msichana. Ilibidi awahi basi la asubuhi Kasulu, limfikishe Kigoma kwenye treni, na treni haikuwa ya kila siku. Tuliambiwa wazi kwamba atakayechelewa kuripoti nafasi yake atapewa mwingine. Basi la kutoka Kibondo, ambalo lingemfikisha Kasulu, lilikuwa limeharibika. Mama yake akaja kwangu jioni, safari hii bila utani.

"Jirani, una gari."

"Ninalo, mama. Na taa ninazo."

Mchana wa siku ile nilikuwa nimelisogeza gari kivulini. Niliposhuka, goti likagusa swichi. Taa ziliwaka jua kali likiwaka, chini ya blanketi na maua, zikanywa betri yangu mpya mpaka tone la mwisho, na hakuna kiumbe aliyeziona. Kama zingekuwa uchi, hata mbuzi wangenishtua.

Alfajiri ukungu ulikuwa mzito kama uji. Binti amekaa ndani ya gari, sanduku la bati magotini. Niligeuza ufunguo. Gari likatoa sauti ya mtu anayekataa chakula, kisha likanyamaza. Nikashuka nikavua vile vitambaa. Ndani, blanketi limebabuka, rangi ya kahawa iliyokaangwa. Nikaelewa yote kwa mara moja.

"Hendeli," alisema mke wangu, akaenda bandani kuileta. Mbuzi wakatoka wote. Akafika mbele ya gari, akainama, akanitazama. Bolti zilikuwa zimekaza, nilizikaza mwenyewe, kwa fahari.

Mama wa binti alifunga khanga kiunoni, akaenda nyuma ya gari, akaweka mikono. Waliokuwa wakienda shamba wakaanza kutokea kwenye ukungu, mmoja mmoja, majembe begani. Lakini kwetu mtu hasukumi gari la asiyemsalimia. "Mwakeye!" Umeamkaje, watoto wameamkaje, mihogo imeamkaje, na yule mgonjwa wa kijiji cha Murungu? Kila aliyefika alisalimia upya wote aliowakuta, makofi ya salamu yanapigwa taratibu, na mimi nimeshika usukani huku basi la Kasulu likijaa abiria kichwani mwangu. Kwenye kioo nilimwona binti. Hakulia. Alikuwa akifungua na kufunga komeo la sanduku lake.

Salamu zilipokwisha walisukuma kama watu wasukumao chao. Kwenye mteremko niliachia klachi, gari likashtuka, likakohoa, likawaka. Mama akadandia likitembea.

Taa za njano sikuthubutu kuziwasha. Nilikwenda na zile za kawaida, nimetoa kichwa dirishani, nikifuata majani ya ukingoni. Tulipopanda kilima cha mwisho kulikuwa kumekucha. Stendi ya Kasulu basi lilikuwa linanguruma, utingo tayari mlangoni. Binti alinipa mkono, akasema, "Kwaheri, baba, asante," akapanda. Basi likaondoka naye.

Tulibaki pale stendi, mama na mimi, tukitazama vumbi. Nilikuwa nikifikiri kwamba mtoto yule hakujiandaa kwa lolote zaidi ya sanduku la bati, na sasa alikuwa ameshanipita umbali ambao mimi sijaufikia mpaka leo. Nikataka kusema kitu cha maana. Nikasema, "Mungu amsaidie asome sana."

Mama akafuta macho kwa pindo la khanga, akazitazama zile taa mbili, kisha akanitazama mimi.

"Asome, ndiyo. Lakini na wewe si ulisoma? Na asubuhi yote tumekusukuma."